Kisomo cha Pili Kianzie Katani

Miongoni mwa kazi kubwa zilizofanywa na Taifa hili tangu Uhuru, kazi ya kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika imo katika safu ya mbele. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Ilipofika mwaka 1986 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya 10 katika kila 100. Kazi hiyo ilifanywa katika muda usiotimia miaka 20, na nchi maskini, kwa kutumia ubao, chaki, redio, kivuli cha mwembe na moyo wa watu.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu leo tunao ujinga mwingine katikati yetu, na sioni kwamba tumeutangazia vita kama ule wa kwanza. Huu ni ujinga wa mtu ambaye mkononi ana simu, mbele yake ana kompyuta, na haki zake zimo ndani ya vyombo hivyo, lakini hana uwezo wa kuzifikia mpaka amwombe mwingine amfungulie mlango.

Bibi yangu aliyenilea alijifunza kusoma katika madarasa ya kisomo. Babu alikuwa mfanyakazi wa Reli, akikaa mbali na nyumbani kwa miezi mingi. Kila barua yake ilipofika, bibi alilazimika kuipeleka kwa jirani aliyekuwa amesoma, na jirani akaisoma kwa sauti mbele ya yeyote aliyekuwapo barazani. Habari za fedha, za ugonjwa na za ugomvi wa wana ndugu zikawa za mtaa mzima. Nilipomuuliza kisomo kilimpa nini, hakunitajia maendeleo wala mapinduzi ya fikra. Alinijibu, "Mjukuu wangu, kilinipa barua zangu."

Nilimkumbuka bibi asubuhi moja ya msimu wa kilimo, nilipokuwa nimekaa katika stesheneri moja ndogo katika Kata ya Ipuli, hapa Manispaa ya Tabora, nikisubiri kutoa nakala za karatasi zangu. Aliingia mzee mmoja, akaamkiwa shikamoo na vijana wote, akaitikia, akatoa simu yake ndogo iliyofungwa mpira. Alikuwa ameletewa ujumbe, asijue unasema nini. Kijana wa stesheneri akausoma kwa sauti: ulitaja kiasi cha fedha kilichoingia na kiasi kilichobaki. Mzee akaomba atolewe fedha kidogo akalipie mbolea. Kijana akamwambia, "Babu, nitajie namba ya siri." Mzee akaitaja, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, mbele ya watu saba.

Hakuna aliyeshtuka. Kijana hakuwa mwizi. Alimhesabia mzee fedha zake zote na kumtakia safari njema. Walakini nilitoka pale nikijua kwamba mzee yule amerudishwa alikokuwa bibi yangu kabla ya mwaka 1970. Barua zake si zake.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, nalo litakwisha wazee watakapopita. La hasha. Hebu tutazame ni mambo mangapi ya mwananchi yamehamia ndani ya mitambo hii katika miaka michache tu. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti iliyoandikwa kwa mkono haina tena nafasi. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima wa mbolea ya ruzuku husajiliwa katika mfumo wa kompyuta na kutambuliwa kwa namba. Kijana anayeomba ajira serikalini, nafasi ya chuo au mkopo wa masomo huomba mtandaoni. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na maombi yake nayo yamehamia mtandaoni. Zabuni za umma ziko huko huko. Hata sisi wenyewe, watumishi na walimu, tunaomba likizo na uhamisho na kupimwa utendaji wetu kwa njia hiyo.

Sisemi kwamba mabadiliko hayo ni mabaya. Yamepunguza mianya ya wizi na safari za bure. Ninachosema ni kwamba kila huduma inapohamia mtandaoni bila watu kufundishwa njia ya kuifikia, uzio hujengwa bila sheria yoyote kutungwa. Sisi watu wa Tabora tunaujua uzio wa namna hiyo. Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana katika mji huu kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu. Katika uchaguzi ule wa kikoloni, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliokubaliwa. Mkoloni alijua alichokuwa akifanya: alikifanya kisomo kuwa lango la uraia, akijua kwamba wengi hawana ufunguo. Leo hakuna mwenye nia hiyo. Lakini mama ambaye kikundi chake kimekosa mkopo kwa sababu hakuna mwanachama aliyejua kujaza maombi hawezi kuishi kwa kula nia zetu njema.

Basi kama tunakubaliana kwamba ujinga huu upo, swali ni nani aupige vita na kwa njia gani. Hapa ndipo historia ya kisomo cha kwanza inapotufaa.

Watu wengi hudhani kwamba kisomo kilifaulu kwa sababu ya wataalamu. Wataalamu walikuwapo, na katika mikoa ya Ziwa ulikuwapo mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao vitabu vyake vilimfundisha mkulima wa pamba kusoma kwa maneno ya pamba, na mvuvi kwa maneno ya uvuvi. Lakini nguvu iliyokibeba kisomo ilikuwa ni uongozi wa watu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo kila kiongozi, kutoka Mkoa hadi balozi wa nyumba kumi, aliulizwa: wewe umefungua madarasa mangapi? Ilipofika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Elimu ilifuatwa na kazi siku ile ile, na aliyeiongoza alikuwa mtu anayejulikana kwa jina pale mtaani.

Kuna na historia nyingine ya kujifunza, nayo si ya kujivunia. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri. Hesabu za Serikali zilivurugika, wataalamu wa kuziendesha mashine hizo walikuwa wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki, wala siitetei. Kosa lililofanyika lilikuwa kununua mashine kabla ya kuwaandaa watu wa kuielewa. Dawa iliyotumika, yaani kuizuia mashine, haikuliondoa kosa hilo, bali ilituchelewesha. Ninachoogopa ni kwamba tunaweza kulirudia kosa la kwanza kwa kiwango cha nchi nzima: mashine kila mahali, na uelewa kwa wachache.

Nani basi aongoze kisomo hiki cha pili? Wengi watajibu upesi: Wizara. Nami nakubali kwamba Wizara ina sehemu yake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ni kazi ya Serikali Kuu, na hakuna kata inayoweza kuujenga. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, una wajibu wa kuyafikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni za biashara hazioni faida. Lakini waya unaweza kufika Tabora na mwananchi wa Ipuli akabaki alipokuwa. Kutoka kwenye mnara hadi kwenye akili ya mtu kuna safari moja zaidi, na safari hiyo haina Wizara. Ina diwani, mwenyekiti wa mtaa na mbunge.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua utaratibu, lakini si vibaya kuukumbusha. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mipango huibuliwa mitaani, ikapita katika kamati hiyo, ikafika katika Baraza la Madiwani linalopitisha bajeti ya halmashauri. Mbunge naye anao Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kwa hiyo viongozi wa kuchaguliwa wanavyo vyombo vya kuianza kazi hii bila kusubiri mgeni wala mfadhili. Wanachokosa ni watu wa kuwadai. Wananchi humdai diwani bati, madawati, kisima na kalavati, na hayo ni madai ya haki. Lakini ni mara ngapi mkutano wa mtaa umesikia mtu akisimama na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, tunataka darasa la kompyuta na simu kwa watu wazima"? Kiongozi wa kuchaguliwa hutenda lile analoulizwa. Asipoulizwa, si haki kumlaumu peke yake.

Tena madai hayo yana wakati wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Baraza hupitisha makadirio miezi kadhaa kabla ya hapo. Mwananchi anayekwenda kwa diwani mwezi Julai anakuta chungu kimekwisha kuepuliwa. Wakati wa kusema ni mipango inapoibuliwa mitaani, na hilo ni jambo ambalo walimu na watumishi, wanaoijua kalenda ya Serikali, wanaweza kuwaeleza majirani zao bila gharama yoyote.

Jambo hili limejaribiwa mahali pengine, na tunaweza kujifunza. Nchini Uganda, kituo cha mawasiliano cha wananchi kilifunguliwa Nakaseke mwaka 1999, kikiunganishwa na maktaba. Hapa kwetu, Sengerema ilipata kituo chake mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa pamoja na taasisi za Taifa. Vituo hivyo vilithibitisha kwamba mkulima na mvuvi wanaweza kujifunza kompyuta. Lakini mtihani wa kila kituo cha namna hiyo ni siku mfadhili anapofunga mizigo yake. Nani atalipa umeme? Nani atatengeneza mashine iliyoharibika? Kituo kisichokuwa na mstari katika bajeti ya halmashauri ni mgeni, na mgeni siku moja huaga.

Mfano ulio karibu zaidi na ninaloshauri unatoka Kerala, katika nchi ya India. Huko baraza la chini kabisa la kuchaguliwa huitwa panchayat, nalo halitofautiani sana na kata yetu. Panchayat moja iitwayo Pullampara iliamua kuwatafuta watu wake wote wasiojua kutumia vyombo vya kidijitali. Vijana wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, wakawafuata wafanyakazi na akina mama hata mahali pao pa kazi, wakawafundisha kwa kutumia simu zilizokuwapo. Mwaka 2022 Pullampara ilitangazwa kuwa imekamilisha kazi hiyo. Jimbo zima likaufuata mfano wake, na mwezi Agosti 2025 Kerala nayo ikatangazwa hivyo. Kazi ya jimbo ilianzia kwenye baraza la chini, tena Kerala ni jimbo ambalo nalo lilikuwa limekwisha kuufuta ujinga wa kusoma kwa kampeni ya umma. Walikumbuka walivyofanya mara ya kwanza. Sisi tumesahau?

Ninashauri nini kwa Ipuli? Sishauri jumba jipya. Majengo ya shule yapo, na jioni huwa matupu. Shule zenye kompyuta zifunguliwe kwa watu wazima siku mbili kwa juma. Walimu wengi walikabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Vifaa hivyo vinaweza kufundishia. Vijana waliomaliza kidato cha sita na wanaosubiri vyuo wawe wasaidizi. Halmashauri ilipe umeme, bando, mlinzi na posho ndogo ya mwalimu. Kamati ya Maendeleo ya Kata ipokee taarifa kila inapokutana: wangapi wameanza, wangapi wamemaliza, wanawake ni wangapi, na walioacha wameacha kwa nini.

Mafunzo yenyewe yawe kisomo chenye manufaa kama kile cha zamani, kwa Kiswahili. Mtu mzima hahitaji kuanza na sehemu za kompyuta. Aanze na namba ya siri na sababu ya kutoitaja mbele ya mtu. Ajue kusoma ujumbe wa fedha na kuangalia makato. Ajue kuutambua ujumbe wa tapeli, ule wa "ile hela itume kwenye namba hii", ambao umewaliza watu wengi. Ajue kupata namba ya malipo na kulipa mwenyewe, kulitazama jina lake katika usajili wa mbolea, kuomba mkopo wa kikundi, na kumsaidia mwanawe kuomba chuo bila kumwachia mtu mwingine neno lake la siri. Mwisho ajue jambo lililo gumu kuliko yote: kupambanua habari ya kweli na ya uongo kabla hajaisambaza.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba watu hawana maji, utawaleteaje kompyuta? Hoja hii ina sura ya huruma, lakini ndiyo iliyotumika zamani dhidi ya kisomo: kwamba mwenye njaa hahitaji kitabu. Ankara ya maji nayo leo hulipwa kwa simu. Asiyejua kuisoma hawezi hata kujua kama ametozwa sawasawa. Pingamizi la pili ni kwamba vijana wote wanajua simu. Wanajua kuitazama. Kijana anayeweza kukesha akiangalia picha za mpira hadi alfajiri, kisha akashindwa kuambatisha cheti chake katika maombi ya kazi, hajui simu; simu ndiyo inayomjua yeye. Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: baadhi ya viongozi wa kuchaguliwa wenyewe hawajui vyombo hivi, nao huona haya. Kwao nasema, Bunge letu lilikwisha kuacha milima ya makaratasi na kushika vishikwambi, na wabunge wenye mvi walijifunza. Hakuna heshima kubwa anayoweza kuipata diwani kama kukaa dawati la mbele siku darasa linapofunguliwa, akajifunza pamoja na wapiga kura wake. Viongozi wa kisomo cha kwanza walifanya hivyo, na watu hawakuwacheka.

Sisi watumishi na walimu nasi tujikosoe. Ni rahisi kumwambia mwananchi aliyetembea kutoka mbali, "Nenda kajaze mtandaoni," kisha tukafunga dirisha. Huo ni urasimu ule ule wa zamani uliovaa nguo mpya. Wakati wa kisomo, karani aliyejua kusoma alihesabiwa kuwa na deni kwa asiyejua. Deni hilo halijafutwa. Mtumishi mmoja akimfundisha jirani mmoja kuficha namba yake ya siri, amelipa sehemu. Mwalimu mmoja akisimama katika mkutano wa mtaa na kumsaidia mwenyekiti kuandika ombi la darasa, ili lifike katani na hatimaye katika bajeti, amelipa zaidi.

Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi walipita Unyanyembe, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili begani, wakielekea Bagamoyo. Wanyamwezi walikuwa hodari wa kazi hiyo, na wengine walikuwa na misafara yao na biashara yao wenyewe. Tofauti kati ya mwenye msafara na mpagazi haikuwa nguvu ya bega. Mwenye msafara alijua bei ya pembe ilikopelekwa. Mpagazi alijua uzito wake tu. Leo kila mtu wa Ipuli mwenye simu amebeba pembe yake mfukoni, na ni wachache wanaojua bei.

Mzee yule wa stesheneri ana diwani wake, ana mwenyekiti wake wa mtaa, ana mbunge wake, na ana majirani waliosoma. Hao wote wakikutana katika kikao kimoja na kukubaliana juu ya chumba kimoja cha shule, siku mbili kwa juma, msimu ujao wa mbolea ataingia mwenyewe katika simu yake, na hakuna atakayeisikia namba yake.